Kutoka Donge la Mpira Hadi Puto la Besdei

Mtoto akitoka kwenye besdei ya mwenzake huondoka na mfuko mdogo wa karatasi. Ndani yake mna pipi tatu nne, kipande cha keki kilichofungwa kwenye tishu, filimbi ya plastiki, na puto moja au mawili ambayo hayajapulizwa. Nimejaza mifuko ya namna hiyo kwa miaka, kwa watoto wangu na wa ndugu zangu, na kila mara nikitoka soko la Kariakoo na mzigo wa mapambo ninaona jambo lile lile: fedha ikipungua, kinachopunguzwa kwanza ni keki, kisha soda, kisha muziki. Puto halipunguzwi. Pakiti moja ya maputo 100 huligeuza baraza lolote likawa la sherehe, na hata mzazi asiyejaliwa kitu hawezi kukosa kumpa kila mtoto la kwake.

Kwa sababu ni rahisi hivyo, tunalichukulia kama kitu kisichotoka popote. Lakini hakuna kilichomo ndani ya mfuko ule kilichotembea mbali kama puto, na sehemu ya safari hiyo ilipita kwetu, katika vichaka vya Mrima na misitu ya Kongo. Lugha yetu bado inakumbuka. Mswahili akisema "mpira" anaweza kuwa anataja mti, utomvu wake, kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, au mchezo unaochezwa kwa kitu hicho. Neno moja limebeba historia nzima.

Kabla ya mpira, watoto wa sehemu nyingi duniani walipuliza vibofu. Ilikuwa hivyo Ulaya, ambako kibofu cha nguruwe kilioshwa, kikapulizwa na kufungwa uzi. Ilikuwa hivyo kwetu pia. Nilipokuwa mdogo, mbuzi wa Idi alipochinjwa tulimzunguka mchinjaji tukisubiri kibofu, na aliyekipata alikipuliza kwa bua la mpapai mpaka kikang'aa, akawa mfalme wa mtaa hadi kikauke.

Puto la mpira lenyewe halikuanza kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1824 mwanasayansi Michael Faraday, katika maabara ya Royal Institution jijini London, alihitaji kitu chepesi cha kuhifadhia gesi ya haidrojeni aliyokuwa akiifanyia majaribio. Alichukua vipande viwili vya mpira ghafi, akavilaza kimoja juu ya kingine na kubana kingo zake. Mpira ghafi hunata, kwa hiyo kingo zilishikana zenyewe bila gundi. Sehemu ya kati aliipaka unga ili isigandamane. Alipoujaza mfuko ule gesi ulitanuka ukawa mwangavu, kisha ukapaa. Kila nikiufungua mdomo wa puto jipya na kuona ule ungaunga mweupe ndani, namkumbuka Faraday na unga wake.

Mwaka uliofuata Thomas Hancock, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda cha mpira, alianza kuuza vifaa vya mtu kujitengenezea puto nyumbani: chupa ya mpira ulioyeyushwa, pamoja na bomba la kusukumia hewa. Tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Wakati wa joto uliyeyuka na kunata kama ulimbo, wakati wa baridi ukakakamaa na kupasuka. Dawa yake aliigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839: mpira ukipikwa pamoja na salfa hutulia, hauyeyuki wala haukakamai, na ukivutwa hurudi pale pale. Mwaka 1847 J. G. Ingram wa London akatoa maputo ya watoto ya mpira uliopikwa hivyo, na wengi huyahesabu kuwa baba wa puto tunalolijua leo.

Mpira huo wote ulitoka wapi? Mwanzoni ulitoka misitu ya Amazon. Mahitaji yalipozidi, macho yakageukia Afrika. Katika vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki hutambaa mmea wa jamii ya Landolphia. Aina moja imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, lakini wenyeji walikuwa wakiujua zamani kabla yake, wakila matunda yake na kuuita mpira. Mgema aliukata mtambaazi huo kwa kisu, na utomvu mweupe ulipoanza kutoka aliukinga kwa mkono na kuupaka kwenye ngozi yake. Ulipokauka aliubandua na kuuviringisha, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa donge. Ukibanduliwa ulitoka na malaika ya mkono. Madonge hayo yalichukuliwa vichwani kutoka misitu ya nyuma ya Kilwa na Lindi, yakauzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, yakapita Zanzibar, yakaingia melini kwenda Ulaya. Donge lile la mviringo, linalodunda likitupwa chini, huenda ndilo lililoupa jina mpira tunaouchezea.

Kilichoibadilisha biashara hiyo ni mapenzi ya baba kwa mwanawe. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alimwona mtoto wake akirushwarushwa na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akayavisha magurudumu yake mirija ya mpira iliyojazwa upepo. Kwa namna fulani lilikuwa puto lililofungwa kwenye gurudumu. Baiskeli zikafuata, kisha magari, na dunia ikawa na kiu ya mpira isiyokatika.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu siwezi kuandika historia ya kitu cha watoto na kuwaruka watoto wa Kongo. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa uzito wa mpira wa kuleta. Wanaume walisukumwa misituni kutafuta mitambaazi ya jamii hiyo hiyo ya Landolphia, wake zao wakashikwa mateka hadi mpira utimie. Pale ambapo haukutimia, walinzi wa makampuni walichapa, walichoma nyumba, waliua, na mikono ya watu ilikatwa. Mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, mwanamume aitwaye Nsala alikaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali. Hivyo ndivyo vilivyosalia vya mtoto wa miaka mitano. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alipiga picha yake, na picha hiyo ilizungushwa Ulaya na Marekani katika mihadhara ya kupinga utawala ule mpaka Leopold akanyang'anywa Kongo.

Mpira wa Kongo ulikwenda zaidi kwenye matairi, mabomba na nyaya za umeme, na maputo yalichukua sehemu ndogo tu. Hata hivyo soko lilikuwa moja, na mtoto wa London aliyenunuliwa puto jekundu bustanini wakati ule hakuwa na njia ya kujua lilianzia mkononi mwa nani. Boali angekuwa wa umri ule ule wa watoto ninaowafungia mifuko ya karatasi.

Upande wetu Wajerumani, watawala wa wakati ule, waliamua kuupanda mpira badala ya kuutafuta porini. Walileta mti wenye asili ya Brazili uitwao Ceará, ndugu wa karibu kabisa wa muhogo, wakautandaza katika mashamba ya Tanga, Muheza, Morogoro na Lindi. Bei ilipopaa mwaka 1910 waliona wamepatia. Hawakujua kwamba kifo cha mashamba yao kilikwishapandwa kwingine: mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amesafirisha mbegu zipatazo 70,000 za mpira aina ya Hevea kutoka Amazon hadi bustani ya Kew, London, na kutoka huko miche ikapelekwa Ceylon na Singapore. Miti ya Asia ilipokomaa, mpira wake ulikuwa mwingi, safi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, na mashamba ya Ceará yakafa karibu mara moja. Mengi yaligeuzwa ya mkonge. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na Japani ikaiteka Malaya na mashamba yake ya mpira mwaka 1942, Waingereza, walioitawala nchi baada ya Wajerumani, waliyageukia mashamba yaliyobaki mapori, wakawakusanya watu kwa nguvu kuigema tena miti iliyosahauliwa. Vita vilipokwisha, wakaiacha kwa mara ya pili.

Miti hiyo haikufa. Nitairudia.

Puto la bei ya chini kabisa, linaloweza kugawiwa bure kwa mtoto wa jirani, lilizaliwa katika shida ya fedha. Hadi miaka ya 1920 viwanda vilitegemea mpira uliokwisha kuganda, uliopaswa kuyeyushwa kwa kemikali kabla ya kufanyiwa kazi. Kisha ikapatikana njia ya kuusafirisha ukiwa bado maji, kwa kuutia amonia usigande. Neil Tillotson, mfanyakazi wa kiwanda cha mpira huko Massachusetts, Marekani, alikuwa akiuchunguza utomvu huo wa maji wakati mdororo wa uchumi ulipozikaba kazi za watu. Mwaka 1931 alipeleka kiasi nyumbani na kujaribu darini. Alikata kadibodi kwa umbo la kichwa cha paka, na masikio yake mawili, akaichovya katika utomvu, akaiacha ikauke, akaubandua. Alipopuliza, akapata puto la paka.

Yeye na jamaa zake walitengeneza yapata 2,000, wakayachora macho na sharubu, wakayauza kwenye gwaride la Siku ya Wazalendo, mwezi Aprili. Kutokana na paka hao Tillotson akawa mwenye kiwanda, na kampuni yake ilikuja kuwa miongoni mwa zilizotangulia kutengeneza glavu nyembamba za hospitali zinazotumika mara moja na kutupwa. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 102. Nikimwona muuguzi wa kliniki akivaa glavu kabla ya kumchoma mtoto sindano, huwa nawaza kwamba glavu ile na puto ni ndugu wa tumbo moja.

Kiwandani leo hufanywa kile kile alichokifanya darini, ila kwa mashine. Viumbo vinavyofanana na balbu huchovywa kwanza katika dawa ya kugandisha, kisha katika utomvu uliotiwa rangi. Brashi huusugua ukingo na kuukunja, ndio ule mdomo mnene tunaoushika tukipuliza. Halafu huoshwa kwa maji ya moto, huokwa, na kubanduliwa. Mpira mwingi wa asili unatoka Thailand, Indonesia, Vietnam na, kwa upande wa Afrika, Côte d'Ivoire.

Kuna jambo la hatari ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nami sitalinyamazia. Mtoto wa chini ya miaka minane asiachiwe kupuliza puto peke yake, na puto likipasuka vipande viokotwe papo hapo. Kipande cha mpira laini kikivutwa kooni huziba njia ya hewa kama kifuniko, na ni vigumu kukitoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inadai onyo hilo liandikwe kwenye pakiti. Pakiti ninazozikuta sokoni, nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma mtaani kwetu.

Maputo yanayopaa yenyewe yamechelewa kuingia kwenye sherehe zetu, na bei yake bado si ya mfuko wa karatasi. Zamani yalijazwa haidrojeni kama lile la Faraday, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Siku hizi mengi hujazwa heliamu, isiyoshika moto. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa, hapa Tanzania, kuna heliamu inayokadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54. Hospitali huihitaji zaidi kupozea mashine za MRI, lakini kazi hiyo haiizuii kuinua puto la mtoto wa Sumbawanga.

Mwaka jana ndugu yangu aliyeko Muheza alimfanyia besdei binti yake aliyetimiza miaka saba. Nilifika asubuhi na pakiti yangu ya maputo, tukayapuliza mpaka mashavu yakauma, tukayafunga mafungu mafungu kwenye matawi ya mti uliopo nyuma ya nyumba. Ni mti wa mpira, Ceará, uliojiotea kutokana na mbegu za shamba la Wajerumani. Huku kwetu haugemwi tena. Majani yake ndiyo kisamvu cha mpira, kinachotwangwa na kuungwa kwa nazi, na shemeji yangu alikuwa akiyachuma pale pale, chini ya maputo, kwa ajili ya chakula cha wageni.

Alipokata tawi, utomvu mweupe ukachuruzika. Binti mwenye besdei akaugusa kwa kidole.

"Baba mkubwa, ni maziwa?"

Nikamwambia ni mpira. Akanitazama, akalitazama puto lililokuwa mkononi mwake, akasubiri utomvu ukauke kidogo kidoleni. Kisha akaubandua na kuuviringisha taratibu kati ya vidole viwili mpaka ukawa kidonge, akakidondosha chini kuona kama kitadunda.