Ameniona au hajaniona? Jinsi binadamu anavyosoma macho ya mwenzake

GIZA linapoanza kutanda jioni, mtu anayesubiri kuvuka barabara humtazama dereva usoni kisha akajiambia: ameniona, nivuke. Uamuzi huo hufanywa kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo, huenda uhai wake ukategemea jambo moja tu, nalo ni kama ametambua sawasawa macho ya dereva yalielekea wapi.

Uwezo huu humjia binadamu mapema mno. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 na Teresa Farroni na wenzake ulionyesha kuwa watoto wachanga wa siku 2 hadi 5 huutazama kwa muda mrefu zaidi uso unaowakodolea macho kuliko ule ulioyaelekeza kando.

Umbo la jicho lenyewe huchangia pakubwa. Katikati kuna mboni na duara lenye rangi linaloizunguka, na pembeni mna weupe. Duara hilo linaposogea upande mmoja, weupe wa upande huo hupungua na wa upande wa pili huongezeka. Mtazamaji hupima tofauti hiyo bila kujua kwamba anapima.

Mnamo 1997, wanasayansi wa Japani, Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima, walieleza kuwa sehemu nyeupe ya jicho la binadamu imejitokeza wazi kuliko ya jamaa zake miongoni mwa nyani. Tafiti za baadaye zimebainisha kuwa baadhi ya sokwe pia wana weupe huo, kwa hivyo tofauti si kubwa kama ilivyodhaniwa. Pamoja na hayo, majaribio yaliyoongozwa na Michael Tomasello na kuchapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kuwa sokwe hufuata zaidi kichwa cha mtu kinakoelekea, ilhali mtoto wa binadamu hufuata zaidi macho.

Lakini macho hayasomwi peke yake. Mnamo 1824, mwanasayansi Mwingereza William Hyde Wollaston alionyesha jambo la kustaajabisha. Alichukua mchoro wa macho, akauweka kwenye sura mbili zilizogeukia pande tofauti. Macho hayakubadilishwa hata chembe, lakini waliotazama waliyaona kana kwamba yanaangalia kwingine. Pua na mwelekeo wa uso vilitosha kubadili maana ya macho yale yale.

Wollaston alishughulikia pia fumbo la picha ambayo macho yake humfuata kila mtu. Anayeingia dukani au ofisini ambako picha ya Rais imetundikwa ukutani huweza kuhisi anatazamwa, asimame kulia au kushoto. Sababu ni kwamba picha ni bapa. Mtazamaji akihama, uwiano wa mboni, weupe na pua mle pichani haubadiliki kama ambavyo ungebadilika kwenye uso wa mtu hai. Aliyechorwa akitazama mbele hubaki akimtazama kila apitaye.

Swali kubwa ni hili: mtu hufanya nini macho ya mwenzake yasipoonekana vizuri? Mwaka wa 2013, Isabelle Mareschal, Andrew Calder na Colin Clifford walichapisha matokeo ya majaribio ambamo macho katika picha za nyuso yalivurugwa ili yasisomeke kwa urahisi. Kadiri macho yalivyozidi kutatanisha ndivyo washiriki walivyozidi kuamini kwamba wanatazamwa wao. Penye shaka, ubongo hujijazia jibu, na jibu lenyewe ni: ananitazama mimi.

Mazoea hayo yana faida, kwani anayetazamwa huenda akawa hatarini na ni heri ajihadhari bure kuliko kushtukizwa. Lakini yana madhara pia. Ugomvi huweza kuzuka kwa sababu ya jicho ambalo halikumlenga mtu yeyote. Aidha, mwenye makengeza huweza kudhaniwa hasikilizi au anamtazama mwingine, ilhali macho yake hayakuelekea pamoja tu.

Barabarani madhara huwa makubwa zaidi. Magizani, nyuma ya kioo cheusi au miwani ya jua, macho ya dereva hayasomeki. Huo ndio wakati ambapo anayevuka yumo katika hatari ya kuamini kuwa ameonwa. Isitoshe, kutazama si kuona. Wataalamu wa usalama barabarani wanazifahamu ajali ambazo dereva alielekeza macho kwa mtu lakini akili yake haikumtambua.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hata hivyo, anayetaka kuvuka salama asitegemee macho ya dereva pekee. Angoje gari lisimame.