Tezi na Omo: Meli Moja, Majina Mawili na Tatizo la Vipindi vya Fasihi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuletewa uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Mimi leo nawaletea meli. Naomba msinicheke kwanza. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya meli hii inagusa ugomvi ambao kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameupitia: ugomvi wa vipindi.

Katika semina moja nilisimama nikasema kuwa Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ni mali ya fasihi ya wakati wa ukoloni. Mwenzangu mmoja akaruka: “Wewe vipi, kitabu kimetoka 1968! Hiyo ni baada ya Uhuru, tena baada ya Azimio la Arusha!” Ni kweli, kilitoka mwaka huo. Lakini ni kweli pia kwamba aliyekiandika alifariki mwaka 1962. Tulibishana hadi muda ukaisha, na kila mmoja akaondoka na tarehe yake mkononi.

Siku chache baadaye nilikuwa nikisoma habari za Herman Melville, mwandishi wa Moby-Dick. Mnamo Januari 1841 kijana huyo alipanda meli ya kuwindia nyangumi iitwayo Acushnet, iliyong'oa nanga Fairhaven, Massachusetts, kwenye mlango wa mto wenye jina hilo hilo. Mwaka uliofuata aliitoroka meli hiyo katika visiwa vya Marquesas, na yaliyompata baharini yakaja kulisha riwaya yake. Katika kulifuatilia jina la Acushnet nikakutana na meli nyingine kabisa, ya chuma, ya karne ya ishirini. Hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ugomvi wetu wa semina.

Meli hii haikuzaliwa na jina hilo. Iliundwa Napa, California, na Basalt Rock Company, kampuni ya mawe na kokoto ambayo vita iliigeuza kuwa muunda meli. Ilishushwa majini Aprili 1943, ikaanza kazi Februari 1944 katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Urefu wake ulikuwa mita 65 hivi. Ilipewa jina la Shackle. Neno hili kwa Kiingereza lina maana mbili: ni pingu ya mfungwa, na pia ni kile chuma cha mabaharia kinachounganisha mnyororo na mnyororo. Naomba msomaji aziweke akilini maana zote mbili.

Kazi yake haikuwa kupiga. Ilikuwa meli ya uopoaji: ilibeba wapiga mbizi, pampu kubwa za kukamua maji, winchi, kreni na kamba nene za kukokotea. Meli ikipigwa au ikikwama mwambani, yenyewe ndiyo iliyoitwa. Mwaka 1945 ilikuwa Okinawa, ambako marubani wa Kijapani walikuwa wakijibamiza na ndege zao kwenye meli za Wamarekani. Wenzake walikuja kuzamisha. Yenyewe ilikuja kuzuia kuzama. Kwa utumishi wake wa vita ilipata nyota tatu.

Juni 1946 wanamaji waliikabidhi kwa Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani. Agosti mwaka huo ikaanza utumishi mpya kwa jina la Acushnet, na bandari yake ikawa Portland, Maine. Basi, ukiihesabu kwa daftari la wanamaji, maisha ya meli hii ni miaka miwili na miezi michache. Mwanahistoria wa kivita angeweza kufunga jalada hapo, akaandika “mwisho”, akaenda zake.

Lakini mwisho wa nani? Februari 1952, nje ya Cape Cod, dhoruba ilizivunja vipande viwili meli mbili za mafuta katika siku moja, Pendleton na Fort Mercer. Tezi ya Fort Mercer ilibaki ikielea, watu 34 wakiwa juu yake. Acushnet ikajisogeza karibu mno na kipande kile, katika mawimbi ambayo kosa dogo tu lingezigonganisha, na watu 18 wakaruka mmoja mmoja kutoka meli iliyokatika hadi sitaha yake. Watatu wengine waliokolewa na meli ya Eastwind. Waliobaki 13 walikataa kuondoka, wakakaa na nusu meli yao. Na hawakukosea: tezi ile ilikokotwa hadi bandarini, ikaungwa na omo mpya, ikarudi baharini kwa jina la San Jacinto.

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikaanza kufikiri. Meli iliyobadilishwa jina iliokoa watu kutoka nusu ya meli ambayo nayo ilikuja kubadilishwa jina. Na ujuzi ulioiwezesha kuikaribia tezi ile ulikuwa ni uleule wa uopoaji. Sare ilibadilika, rangi ikabadilika, bosi akabadilika, lakini kamba zilikuwa na kazi ileile.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka 1968 iliorodheshwa kuwa meli ya utafiti wa bahari. Baadaye ikawa meli ya doria. Ilihamia Gulfport, Mississippi, kisha Eureka, California, na mwisho Ketchikan, Alaska. Mwaka 2007 ikarithi heshima ya kuwa meli kongwe kuliko zote katika kikosi kile, namba zake zikapakwa rangi ya dhahabu. Ilistaafishwa Machi 2011. Hesabu basi: miaka miwili na ushei chini ya jina la kwanza, karibu miaka 65 chini ya jina la pili.

Najua mwenzangu wa semina atanijibu: “Sawa, lakini bila mwaka 1946 utaelezaje kwa nini meli ya vita inadoria wavuvi?” Anasema kweli, na hapa nakubali nilikosea siku ile. Mimi nilitaka tarehe moja, ya mwandishi, iwe ndiyo kitabu chote. Yeye alitaka tarehe ya mchapaji. Kumbe riwaya ile, kama meli hii, iliundwa katika wakati mmoja ikafanya kazi katika wakati mwingine. Msomaji wa 1968 aliyekutana na Utubora akiacha mshahara na kurudi kwenye jembe hakuwa na masikio yaleyale aliyokuwa nayo mwandishi. Masikio hayo yalikuwa yameshasikia Azimio. Mhakiki anayetaja tarehe moja tu anatupa tezi bila omo, au omo bila tezi.

Sisemi tufute vipindi. Nasema tuvitumie kama mabaharia wanavyotumia chuma kile cha kuungia minyororo, siyo kama askari anavyotumia pingu. Mwaka 1961 na mwaka 1967 ni mahali ambapo mnyororo mmoja unaungana na mwingine. Tukivigeuza kuwa kuta, tutaendelea kufunga majalada ya kazi ambazo bado ziko safarini.

Wahenga wa pwani walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngamani ndiko uliko mzigo. Mwenzangu wa semina, kama unasoma, njoo tushuke huko pamoja na kitabu chetu.