Sindano Mkononi: Historia Fupi ya Wapelelezi Wafumaji

Ikitajwa riwaya ya upelelezi, wengi wetu tunaosoma Kiswahili humkumbuka Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyetufikia katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake mkononi. Nyuma ya Bwana Msa yuko Sherlock Holmes wa London, naye na kiko chake. Kiko ni alama ya mwanaume anayefikiri. Lakini uko ukoo mwingine wa wapelelezi ambao hawavuti chochote. Mikononi wana sindano za kufumia na mapajani wana donge la uzi wa sufu. Insha hii inahusu ukoo huo: ulizaliwa wapi, kwa nini ulihitaji sindano, na ulifikaje mpaka katika maduka ya nyuzi na vitambaa ya Marekani, ambako hadi leo watu wanauawa kila mwaka vitabuni.

Riwaya hizo Wazungu huziita kwa neno lenye maana ya starehe ya kukaa ndani, penye joto, wakati nje kuna baridi. Mtu huuawa, ndiyo, lakini msomaji haonyeshwi damu nyingi. Mji ni mdogo na watu wanajuana. Anayefumbua fumbo si polisi bali ni mtu wa kawaida, mara nyingi mwanamke, na mwisho muuaji hukamatwa na chai hunywewa. Wahakiki wengi huzipita bila kuzitazama. Hadithi za sindano, wanasema, ni mambo madogo ya akina mama. Neno hilo, mambo madogo, tulishike vizuri, kwa sababu historia yenyewe inaanzia hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1900, mkulima mmoja aitwaye John Hossack alipigwa shoka kichwani akiwa amelala kitandani mwake, karibu na mji wa Indianola katika jimbo la Iowa. Mke wake, Margaret, alisema alikuwa amelala kando yake, akaamshwa na sauti, na hakumwona mtu. Watu hawakumwamini. Ilijulikana kwamba ndoa hiyo ilikuwa na ugomvi wa miaka mingi, na majirani walikuwa wameusikia. Alikamatwa mara baada ya mazishi ya mumewe, akashtakiwa mwaka 1901.

Gazeti la Des Moines Daily News lilimpa kazi ya kuifuatilia kesi hiyo mwandishi kijana, mwanamke, jina lake Susan Glaspell. Taarifa zake za mwanzo zilimchora Margaret kama mwanamke mkavu, mwenye moyo mgumu. Baadaye, baada ya kuliona lile shamba na nyumba yenyewe, kalamu yake ililegea kidogo. Kesi iliamuliwa na juri, yaani raia kumi na wawili wanaokaa kusikiliza na kusema kama mshtakiwa ana hatia. Wote kumi na wawili walikuwa wanaume, kwa maana wakati huo mwanamke wa Iowa hakuwa na nafasi katika juri, wala hakuwa na kura ya kumchagua rais wa nchi yake. Juri lilisema ana hatia. Margaret Hossack alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Iowa iliitengua hukumu hiyo, na mwaka 1903 akashtakiwa upya katika wilaya nyingine. Safari hii wanajuri hawakuafikiana, akaachiliwa. Nani alimuua John Hossack halikupata jibu mahakamani.

Glaspell aliacha kazi ya gazeti muda si mrefu baada ya kesi ile ya kwanza, lakini inaonekana jiko la shamba lile halikumtoka kichwani. Mwaka 1916 aliandika tamthilia fupi, Trifles, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hayohayo, Mambo Madogo. Mwaka uliofuata aliigeuza kuwa hadithi fupi. Katika tamthilia hiyo mkulima amenyongwa kwa kamba na mke wake yuko jela. Wanaume watatu, mmoja akiwa mwendesha mashtaka na mwingine sherifu, wanakuja kutafuta sababu iliyomfanya mke aue. Wanapanda ghorofani, wanakwenda bandani, wanazunguka nje. Jikoni hawatafuti kitu, kwa kuwa jikoni kuna vyombo tu. Huko wamewaacha wanawake wawili, mke wa sherifu na mke wa jirani, ambao wamekuja kumchukulia mfungwa nguo zake.

Basi wale wawili wanaanza kuona. Wanaona kazi iliyoachwa nusu. Wanaona mfarishi wa viraka, lile shuka nene la vipande vipande ambalo wanawake wa Marekani walikuwa wakilishona majira ya baridi. Kipande baada ya kipande mshono ni mzuri, umenyooka. Halafu kiraka kimoja mshono umekwenda ovyo kabisa, kana kwamba mkono ulikuwa ukitetemeka. Mwanamke mwenye kushona anajua maana yake: siku ile kitu kilitokea. Mke wa jirani anaifumua mishono ile mibaya na kuishona upya, na hapo, bila kusema, ameanza kuharibu ushahidi. Baadaye ndani ya kisanduku cha ushonaji wanamkuta ndege mdogo wa kufugwa, amefungwa kwenye kitambaa cha hariri, shingo imevunjwa. Mume alimuua ndege aliyekuwa akiimba katika nyumba ile ya kimya, na mke naye akamnyonga mume. Wanaume wanaposhuka, wanawacheka wanawake kwa kujishughulisha na namna mfarishi ulivyokuwa utashonwa. Yule ndege amekwisha kufichwa mfukoni.

Nimelikalia jambo hili kwa muda kwa sababu naona karibu kila kitu kilichofuata kimo humu. Ndege na mfarishi ni vya kubuni, lakini swali ni la kweli na lilimgusa mwanamke wa kweli aliyekaa jela: ushahidi ni nini, na nani anaruhusiwa kuusoma? Mshono ni maandishi. Wenye mamlaka hawakujifunza kusoma maandishi hayo, na waliojifunza hawakuruhusiwa kukaa katika juri. Hadithi hiyo Glaspell aliipa jina lenye maana ya juri la watu walio sawa na mshtakiwa, na kwa jina hilo aliiweka mahakama yenyewe kizimbani.

Tuvuke bahari twende Uingereza. Huko sindano zilikuwa na historia yake. Charles Dickens, katika riwaya yake ya mwaka 1859 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa ameshamweka mwanamke mfumaji, Madame Defarge, ambaye hufuma majina ya watakaouawa ndani ya ufumaji wake. Lakini huyo ni mfumaji wa kutisha. Mfumaji aliyekuja kupendwa na dunia alitokea Desemba 1927, katika hadithi fupi ya Agatha Christie. Ni Miss Marple, bibi mzee asiyeolewa wa kijiji cha St Mary Mead, amekaa kwenye kiti akifuma kitu cheupe na laini huku wageni wake, wasomi na wakubwa, wakishindana kufumbua mafumbo ya mauaji. Karibu wamsahau. Mwisho yeye ndiye anayejua. Mwaka 1930 alipata riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage.

Kwa nini bibi asiyeolewa, na kwa nini wakati ule? Sensa ya mwaka 1921 ilionyesha kwamba katika Uingereza na Wales wanawake waliwazidi wanaume kwa zaidi ya milioni 1.7. Hata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanawake walikuwa wengi zaidi, lakini vita viliua vijana wa kiume kwa malaki na kuongeza tofauti. Magazeti yaliwaita wanawake hao kuwa ni wa ziada, kama mzigo uliobaki gatini. Sasa fikiria mwandishi anayewachukua watu walioitwa wa ziada na kuwapa kazi ya kuona yale ambayo polisi hawayaoni. Dorothy L. Sayers alifanya hivyo mwaka 1927 katika Unnatural Death, ambamo bwana mkubwa Peter Wimsey anamwajiri Miss Climpson, mwanamke wa makamo asiyeolewa, kwenda kukaa katika mji mdogo na kuuliza maswali. Patricia Wentworth naye mwaka 1928 akamleta Miss Silver, mwalimu mstaafu wa watoto wa matajiri, ambaye upelelezi ndiyo kazi inayompa riziki. Riwaya zake ni 32, na sindano zake hazipumziki.

Tuangalie sindano inafanya kazi gani hasa. Kwanza, inampa mwanamke ruhusa ya kukaa. Mtu aliyekaa bure katika sebule ya wengine huulizwa anangoja nini, lakini anayefuma haulizwi. Pili, inamshusha machoni pa mkosaji: watu huendelea kuzungumza mbele yake. Tatu, inamfundisha akili yake namna ya kwenda, kwa kuwa mfumaji hushughulika na mpangilio, akiona tundu lililorukwa hurudi nyuma safu baada ya safu mpaka alipokosea. Kwetu Burundi, kama ilivyo kwa majirani zetu, fundi cherehani wa barazani huwajua watu kwa njia hiyohiyo. Anajua nani amekonda, nani anapanua gauni mapema mno baada ya harusi, nani ameleta kitambaa cha thamani wakati juzi alikuwa akikopa sukari. Polisi hawaendi kumwuliza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Christie, ambaye alisema kwamba Miss Marple alifanana kidogo na bibi yake mwenyewe na marafiki za bibi huyo, alijenga riwaya 12 juu ya kimya hicho. Katika ile ya mwaka 1964, inayotokea katika kisiwa cha Karibiani, bibi huyo anamwendea tajiri mmoja usiku, kichwani amejitanda sufu ya rangi ya waridi, na kumwambia kwamba yeye ni kisasi chenyewe. Tajiri anacheka, kisha anamwamini.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Baada ya Vita vya Pili riwaya za wapelelezi wagumu wa Marekani, wenye bastola na pombe, zilitamba. Mwaka 1989 wapenzi wa hadithi za jadi ya Christie walianzisha mkutano wa kila mwaka karibu na Washington, Malice Domestic, wenye tuzo inayoitwa Agatha. Mwaka 1994 Earlene Fowler alitoa Fool's Puzzle, ambayo shujaa wake, Benni Harper, anasimamia jumba la sanaa za mikono huko California. Majina ya vitabu vyake yametokana na mitindo ya mifarishi ya viraka.

Duka lenyewe lilifunguliwa mwaka 1999, pale Monica Ferris alipotoa Crewel World. Jina lake ni mchezo wa maneno unaochanganya aina ya darizi na ukatili. Betsy Devonshire anahamia kwa dada yake katika mji wa Excelsior, Minnesota, mji wa kweli ulio kando ya ziwa la Minnetonka. Dada yake ana duka la vifaa vya kudarizi. Dada anauawa humo dukani, na Betsy, ambaye kudarizi kwenyewe hajui sawasawa, anabaki na duka na swali. Katika kitabu cha pili, Framed in Lace, boti ya zamani inapandishwa kutoka ziwani ikiwa na mifupa ya mtu, na njia ya kuijua mifupa hiyo inapitia kwenye lesi. Hapo namwona Glaspell waziwazi: polisi wana mifupa, lakini wanaoweza kusoma kitambaa ni wateja wa dukani. Wengine walifuata, wakiwemo Maggie Sefton na wafumaji wake wa Colorado mwaka 2005, na Betty Hechtman mwaka 2008 na wale wanaofuma kwa kulabu.

Badiliko la kutoka sebuleni kwenda dukani si dogo. Miss Marple alikuwa mgeni katika nyumba za watu, lakini Betsy ana mlango wake, funguo zake na daftari lake la madeni. Mezani pa duka lake mke wa tajiri na mfanyakazi wa kawaida hukaa pamoja kwa sababu wote wanadarizi. Mwanamke mfumaji amekuwa mwenye biashara. Huo ni ushindi, na wanaozidharau riwaya hizi wangeuona kama wangesoma historia ya wanawake pamoja nazo.

Hata hivyo kuna kitu kimepotea njiani, na sioni sababu ya kukificha. Katika jiko la Glaspell sheria yenyewe ilikuwa na kasoro, na wanawake walionyamaza walichagua baina ya haki na sheria. Katika duka la nyuzi sheria ni njema daima. Polisi huwa mzito kidogo wa kuelewa, mara nyingine ni rafiki au mchumba, na mwisho ushahidi hukabidhiwa kwake bila mtu kusita. Aliyeuawa mara nyingi ni mtu ambaye msomaji hatamlilia. Mshono mbaya bado unasomwa, lakini sasa unamwonyesha muuaji tu, hauonyeshi maisha ya aliyeushona.

Kurasa za mwisho za vitabu vya Ferris zina kielelezo cha darizi ambacho msomaji anaweza kukishona mwenyewe, na Sefton huongeza maelekezo ya kufuma na ya mapishi. Wahakiki huvicheka vielelezo hivyo kama walivyocheka wale wanaume watatu wa jikoni, na wenye kushona huvigeuza upande wa pili kuangalia mafundo yamefichwa wapi.