Gucha, Kuja na Kisii: Majina ya Ugusii katika Maandishi ya Kiswahili

Mto upitao Ogembo una majina mawili katika maandishi. Wagusii huuita Gucha. Wajaluo wakaao kando ya sehemu yake ya chini huuita Kuja. Ramani na taarifa za serikali zimeyatumia yote mawili. Wilaya iliyohesabiwa katika sensa ya mwaka 1999, ambayo makao yake makuu yalikuwa Ogembo, iliitwa Gucha, ilhali mradi wa umwagiliaji ulioko Migori, mto ukaribiapo Ziwa Viktoria, umepewa jina la Kuja. Kwa mwandishi wa Kiingereza hili ni suala la kuchagua jina moja na kulifuata. Kwa mwandishi wa Kiswahili suala ni zito zaidi, kwani kuja ni kitenzi cha lugha yake mwenyewe. Msomaji wa Lamu au Tabora akutanapo na "Mto Kuja" yamkini atadhani kwamba jina hilo ni la Kiswahili, na hata kuanza kutafuta kisa cha watu waliokuja.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya lugha hizi mbili. Mwingereza aandikapo Cairo badala ya al-Qahira, hakuna Mwarabu anayedanganyika kwamba neno hilo ni lake. Ugeni wake u wazi. Kadhalika Unguja iliitwa Zanzibar kwa jina lenye asili ya Kiajemi na Kiarabu, lakini wenyeji waliendelea kusema Unguja, na majina hayo mawili hayachanganyikani. Kiswahili na Kigusii, kinyume chake, ni lugha za ukoo mmoja wa Kibantu. Jina lililogeuzwa likiingia katika Kiswahili huvaa sura ya nyumbani, na kosa lake halionekani.

Jina Kisii ni mfano ulio dhahiri kuliko yote. Mwaka 1907 Waingereza waliweka kituo cha utawala mahali ambapo wenyeji walipaita Getembe. Baadaye wenyeji walipaita pia Bosongo, yaani kwa Wazungu, kutokana na neno omosongo, Mzungu. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa utawala, Northcote, na jeshi likatumwa kuwaadhibu Wagusii. Utawala ulioimarika baada ya hapo uliendelea kutumia jina Kisii kwa mji, kwa wilaya na kwa watu. Hivyo jina la mkoloni lilikuwa moja kwa vitu vitatu, ilhali wenyeji walikuwa na jina mahsusi kwa kila kimoja.

Kisarufi, wenyeji husema Omogusii kwa mtu mmoja, Abagusii kwa wengi, na Ekegusii kwa lugha. Shina ni -gusii. Kiswahili, kisicho na irabu ile ya mwanzo, hupata bila taabu Mgusii, Wagusii na Kigusii. Lakini aanzaye na Kisii hulazimika kuunda Mkisii, Wakisii na Kikisii. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aliyezoea Kiswahili na Kikamba huiona ki- ya mwanzo kuwa kiambishi cha lugha, kisha akawatafuta "Wasii" ambao hawako duniani. Wataalamu walioandika kwa Kiingereza waliliepuka kosa hilo mapema: Philip Mayer katika utafiti wake wa mwaka 1949 kuhusu koo, Wilfred Whiteley katika uchambuzi wa njeo wa mwaka 1960, na William Ochieng' katika historia yake ya mwaka 1974, wote walitumia Gusii. Ni ajabu kwamba lugha ya mbali ililihifadhi shina ambalo lugha ya jirani aghalabu hulipoteza.

Haifai, hata hivyo, kufuta kila jina lililozoeleka. Kaunti ya Kisii imo katika Katiba ya mwaka 2010, na abiria wa Ogembo aendaye mjini husema anakwenda Kisii pasipo kujiona ametukanwa. Katika mji huohuo upo Uwanja wa Gusii. Majina hayo mawili yamejifunza kuishi pamoja. Wala Kuja si kosa. Ni jina la Wajaluo, ambao nao wana haki juu ya mto huo.

Kwa hiyo, inafaa watu na lugha waitwe kwa shina lao wenyewe: Wagusii, Kigusii. Mji na kaunti vibaki na majina yao ya kisheria. Mto uitwe Gucha habari inapohusu Ogembo, na Kuja inapohusu Migori, jina la pili likitajwa mara ya kwanza ili msomaji asipotee. Katiba hiyo iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa iliagiza pia lugha za wenyeji ziendelezwe. Agizo hilo huanza kutekelezwa katika jambo dogo: kumwita jirani kwa jina alilojipa.