UZI: Dawa za shamba, mkono unaotetemeka na swali ambalo hakuna anayeuliza

1/ Siasa za Uasin Gishu ni mbolea na bei ya mahindi. Siku hizi kuna hii pia: "Hizi dawa zimepigwa marufuku Ulaya, mbona zinauzwa hapa?" Mwingine anajibu: "Mkizitoa mtakula nini?" Mimi nimelelewa Moiben, kwenye ngano. Wacha niwape historia kidogo.

2/ Parakwati, dawa ya kuua magugu, iliingia sokoni 1962. Magugu yanakauka haraka, trekta inalima mara chache. Anayesema wakulima walikuwa wajinga kuipenda hajawahi kulipia trekta.

3/ 1982, California: vijana waliojidunga heroini bandia walikakamaa ghafla, kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. 1983 Dkt. William Langston na wenzake wakataja sababu, kemikali inayoitwa MPTP. Ikiingia mwilini inageuka kuwa kitu chenye umbo linalofanana sana na parakwati. Watafiti wakaanza kuangalia mashambani.

4/ 2011, utafiti wa wapiga dawa wa Iowa na North Carolina: waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson kama mara 2.5 kuliko wengine. Haimaanishi kila mpiga dawa ataugua. Na ubishi haujaisha.

5/ Ile "Ulaya imepiga marufuku" ni mahakama iliyofuta kibali cha parakwati 2007. Lakini wachache hutaja Ufaransa. 2012 waliutambua Parkinson kama ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia viuatilifu miaka 10 au zaidi. Ukiugua, unalipwa.

6/ Kwetu, sheria ya dawa hizi ni ya 1982, na ndiyo iliyounda bodi ya PCPB. 2019 mbunge wa kaunti hii hii alipeleka ombi bungeni, dawa hatari ziondolewe. Tangu hapo tunabishana kuhusu orodha tu: ipi itoke, ipi ibaki.

7/ Sasa yangu. Mzee wangu alipiga dawa kwenye mashamba ya watu miaka mingi. Pampu mgongoni inavuja, shati limeloa, glavu hakuna. Leo hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Ni Parkinson. Daktari alimuuliza, "Mzee, ulikuwa unapiga dawa gani?" Akajibu, "Tulikuwa tunapewa kwa ndoo, imeshachanganywa."

8/ Siwezi kuapa ni dawa. Na hakuna anayeweza kuniambia si dawa, kwa sababu hakuna aliyeandika chochote. Hata tungekuwa na sheria kama ya Ufaransa, angethibitishaje hiyo miaka 10?

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na maneno ya marufuku, msikilizeni, halafu mwulizeni: nani anaandika kibarua amepiga dawa gani, lini, siku ngapi? Marufuku itawasaidia vijana wanaoanza leo. Mzee wangu angesaidiwa na daftari la shilingi hamsini.