Aliyefua Maji
Tukiongelea historia ya bahari yetu, tunarukia majahazi ya Arabuni. Mvuvi mdogo tunamsahau. Ila kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, kinataja kisiwa kimoja cha pwani hii ambako watu walivua kwa vyombo vidogo vya kushonwa na mitego ya kusuka. Ni kama malema yetu, jamani!

Chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi kikipigwa na wimbi mwambani kilijipinda, hakikupasuka ovyo. Shida yake, kilivuja. Sasa fikiria kusi la Julai: nahodha kashika usukani, ampeleke omo kwenye wimbi asije akapigwa ubavuni, mwenzake anapunguza tanga, na wa tatu kainama kwenye ngama anafua maji, hana hata nafasi ya kuuona mwamba unaomjia. Huyo akichoka, wamekwisha wote.

Mtepe, mkubwa wa ukoo huo, ulitoweka mapema karne ya 20. Misumari ikashinda. Lakini panda ngalawa Vanga leo, uangalie miguuni: utakuta dumu la plastiki lililokatwa nusu.