Jamaika: Kisiwa cha miwa na wakili wa Kapenguria

Jina la Jamaika likitajwa hapa nchini, wengi hukumbuka reggae na Bob Marley. Ni wachache wanaojua kuwa kisiwa hicho cha Karibi kina sehemu yake katika kesi iliyosikizwa Kapenguria, kaskazini mwa Kitale, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1952, ambapo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau.

Miongoni mwa waliosaidia kukusanya mawakili wa utetezi alikuwa Dudley Thompson. Alizaliwa Panama mwaka 1917, akalelewa Jamaika, akawa mwanahewa wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akasomea sheria Oxford. Wakati wa kesi alikuwa wakili mjini Moshi, Tanganyika. Jopo la utetezi liliongozwa na Mwingereza D. N. Pritt, akisaidiwa na H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India na mawakili wa hapa nyumbani kama vile Fitz de Souza na A. R. Kapila. Hata hivyo, tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu washtakiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Ili kufahamu kilichomsukuma Mjamaika kujitosa katika jambo hilo, yafaa kuitazama historia ya kwao. Kisiwa hicho, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 10,991 (Bungoma na Trans Nzoia zikiunganishwa hazikifikii), kilikuwa makao ya Wataino kabla ya Wahispania kufika mwaka 1494. Waingereza walikitwaa mwaka 1655 wakakifanya shamba la miwa. Mkazi wa Myanga anaujua muwa kama zao la kulipia karo. Huko ulilimwa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari, wakafanyishwa kazi bila ujira. Waliotorokea milimani, wajulikanao kama Maruni, walipigana hadi Waingereza wakalazimika kutia saini mkataba nao mwaka 1739. Watumwa wengine hawakuwa huru kamili hadi tarehe 1 Agosti 1838.

Afrika haikutoweka katika maisha yao. Matunda ya aki, ambayo pamoja na samaki wa chumvi ndiyo mlo wa taifa, asili yake ni Afrika Magharibi, nayo yakiliwa mabichi ni sumu. Jumapili hupikwa wali na maharagwe kwa tui la nazi, chakula ambacho Mswahili wa Mombasa hangeshangazwa nacho. Marcus Garvey, mhubiri mashuhuri wa umoja wa watu weusi, alizaliwa huko mwaka 1887.

Jamaika ilijipatia uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miezi 16 kabla ya Kenya. Thompson alikuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje kuanzia 1975 hadi 1977, na alifariki Januari 2012 akiwa na umri wa miaka 95. Vyumba walimozuiliwa Kenyatta na wenzake Kapenguria sasa ni makumbusho.